Mpangaji wa Juu ya Mfenesi

Nimeacha kupanda miti mwaka huu. Magoti yangu yaliamua bila kunishirikisha, nami nikaona si vizuri kubishana nayo nikiwa juu ya ngazi. Ninyi mnaobaki na kamba zetu hapa Korogwe mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Habari za nani alilipwa nini na nani alipewa cheo gani sitazigusa. Wenyewe bado wako hai na tunasalimiana vizuri. Nitaandika habari za miti mizee ya uani, ile iliyopandwa na mtu aliyekwishazikwa na kurithiwa na mtu anayeiogopa. Kuangusha mti, yeyote mwenye shoka na hasira anaweza. Kuuacha usimame juu ya nyumba, usimdhuru mtu, na uzae tena mwaka ujao, hiyo ndiyo kazi yetu.

Nilianza nikiwa mfagiaji wa bustani katika nyumba za zamani za shamba moja la mkonge. Asubuhi nafagia majani, jioni yamerudi. Mpogoaji wa pale alikuwa Mzee Mhina, Mzigua wa Kwaluguru, mtu mfupi mwenye mikono mirefu na hasira za karibu. Siku moja mshika kamba wake hakuja, akanitazama nilivyosimama na fagio, akasema, "Wewe binti, njoo ushike hapa. Usiachie mpaka nikuambie."

Nikashika. Akapanda, akakata tawi, tukaliteremsha vizuri mpaka chini. Kisha akashuka, akanawa, akakaa kwenye ngazi za jiko la ile nyumba akaletewa muhogo na chai. Mimi bado nimeshika kamba. Hakuna kitu kinachoning'inia upande wa pili, lakini nimeambiwa nisiachie. Akatafuna muhogo wake taratibu, akinitazama. Mikono ilipochoka nikamwuliza, "Shikamoo mzee, na mimi nimeshakuwa mti?"

Alicheka mpaka chai ikampalia. Kesho yake fagio alipewa mtu mwingine.

Kupanda nilikuwa najua tangu utotoni. Kwetu Mazingara nilikuwa nakatia mbuzi majani, na mbuzi hawangojei kaka zako warudi shuleni. Shida ilikuwa mavazi. Nilivaa suruali chini ya gauni, nikajifunga kanga kiunoni, na siku ya kwanza nilipoweka mguu kwenye ngazi watu walitoka nyumba zote kuja kuangalia. Mzee Mhina hakuwafukuza. Aliwaambia tu, "Mnaotazama mtatusaidia kubeba matawi," na uwanja ukabaki mweupe.

Mengi aliyonifundisha mnayajua, kwa sababu nimewapigia kelele nayo miaka yote hii. Piga shina kwa mpini wa panga, usikilize. Mti mzima unajibu kwa sauti nzito, uliooza ndani unajibu kama debe. Ukiona uyoga kwenye mizizi, usiweke ngazi kabla hujajua umefika wapi. Tawi zito likate kwanza kutoka chini kidogo, ndipo uje juu, la sivyo litachana gome mpaka shinani na mti utakuchukia. Jeraha usilizibe kwa saruji, mti si ukuta. Ulimbo wa fenesi unatoka kwa mafuta ya kupikia, wala si kwa sabuni, wala si kwa kulalamika. Msumeno wake aliufunga kwenye kanga kuukuu ya mkewe, na alikuwa akizungumza nao kwa upole ambao hakuna binadamu aliyewahi kuupata kutoka kwake.

Shamba lilipopunguza watu, tukaanza kutembea wenyewe, mimi na yeye, ngazi juu ya keria ya basi, Korogwe hadi Handeni, mara nyingine Mombo. Kule nyikani Handeni tuliitwa na mzee mmoja mfugaji mwenye mkwaju mkubwa kwenye boma lake. Tukaondoa tawi lililooza. Mzee Mhina akaanza kumweleza kwamba afadhali tupunguze na upande wa pili ili mti ukae sawa. Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Upande huo ndama wanalala jua likiwaka. Mti ukikaa sawa, ndama watakaa wapi?" Tukafunga kamba zetu. Tangu siku hiyo, kabla sijapanda mti wa mtu nauliza kwanza nani anakaa chini yake. Nimejibiwa kuku, nimejibiwa bodaboda, nimejibiwa mama mkwe. Ila ni nyumba moja tu niliyoambiwa nani anakaa juu.

Nyumba hiyo iko Manundu, na mwenyewe ni Bibi Rehema. Bibi alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipochoka, na ni mjane. Ndiye mtu anayeitwa pakitokea ugomvi wa mpaka au wa mahari, kwa sababu mtaa mzima unajua hasemi uongo. "Muulizeni Bibi Rehema," watu husema, na ugomvi unaishia hapo. Uani kwake kuna mfenesi alioupanda baba mkwe wake, mnene hivi kwamba watu wawili hawaufikii kuuzunguka kwa mikono. Mafenesi yake waliyachukua akina mama wanaoyakatakata na kuwauzia abiria wa mabasi pale Mombo, na huo ndio uliokuwa mkate wake.

Alituita wakati wa mvua. Tawi kubwa la upande wa nyuma lilikuwa limepasuka kwenye shingo, pale linapoungana na shina, nalo lilikuwa limeinama juu ya bati la chumba cha uani. Humo alipanga mama mmoja mjane mwenzake, Mama Neema, na watoto wake wadogo. Mpasuko ule uliingia kiganja changu kizima. Nikapiga mpini, likajibu debe.

"Hili halingoji Jumapili," nikasema.

Mzee Mhina alikuwa ameshafungua kanga ya msumeno. Ndipo Mama Neema akatoka chumbani na beseni la nguo, akapita chini ya mti, akainama kidogo akasema, "Shikamoo," akaenda zake.

"Anamwamkia nani?" Mzee Mhina akauliza.

Bibi Rehema akaangalia chini. "Anamwamkia yule wa juu."

Mzee Mhina akaelewa kabla yangu. Kumbe huu ndio ule mfenesi wa Manundu wenye jini, habari zake zilikuwa zimefika mpaka Handeni. Akaufunga tena msumeno kwenye kanga, akalishika goti lake. "Mama Tatu," akaniambia, "leo goti limenikamata vibaya." Akachechemea hadi kwenye geti, akasimama upande wa barabarani. Huyu ni mtu niliyewahi kumwona akiondoa mzinga wa nyuki huku akipiga miluzi.

Nikabaki na Bibi. Akanivuta mpaka jikoni, akafunga mlango, akaninong'oneza, "Mwanangu, mle juu hamna kitu. Jini nilimtunga mimi."

Akanieleza. Miaka ya nyuma wezi walikuwa wanammalizia mafenesi, na yeye hana mume wala mbwa. Siku moja kwenye foleni ya maji bombani akamwambia mwanamke mmoja, mmoja tu, kwamba amemwona mtu wa kanzu nyeupe amekaa kwenye mfenesi, na miguu hana. Akamsihi asimwambie mtu. Kabla wiki haijaisha mtaa wote ulikuwa unapita mbali na ua wake, na mafenesi yakaanza kuivia mtini.

"Mimi nilimpa kanzu tu," Bibi alisema. "Watu ndio waliompa kikohozi. Mwingine akasema anavuta kiko. Mwingine alimsikia akigomba kwa Kishambaa. Mwanangu, mimi mwenyewe siku hizi nasikia mambo yake kwa majirani."

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga. Yeye hakucheka. "Sasa nani atakushikia kamba?" akauliza. "Hakuna mwanamume wa mtaa huu atakayeingia. Na nikisema nilidanganya, nitaangalia watu kwa uso gani? Miaka yote hii wananiita shahidi."

Hapo kicheko kikaniisha. Tawi lile peke yangu nisingeweza. Lilitaka watu wenye nguvu chini, wa kwanza kulizuia, wa pili kulivuta upande wa wazi. Nikilikata bila kamba, chumba cha Mama Neema kingekwisha. Nikiliacha, kingekwisha vilevile, na huenda watoto wakiwa ndani.

Nikafikiri. Kisha nikamwambia Bibi, "Basi mwache ahame."

"Nani?"

"Jini. Waambie amekubali kuhama, lakini ana masharti. Hataki kiti chake kitupwe chini kama kuni. Anataka kiteremshwe kwa kamba, polepole, na watu wazima wenye heshima zao."

Nikaona pembe ya mdomo wa Bibi inacheza. "Na kikitupwa?"

"Atamfuata aliyeachia kamba."

Hilo sijalijutia, na ndugu zangu, ningekuwa na mteja wa namna hiyo kila mwezi ningelirudia. Bibi alijitanda ushungi akaenda bombani. Alipokuwa anarudi, wanaume wa mtaa walikuwa wameanza kujikusanya kwenye uzio. Walitaka ahame, hilo halina shaka. Kilichowatia wasiwasi ni swali ambalo mimi na Bibi hatukulifikiria, nalo liliulizwa na fundi baiskeli wa pale jirani.

"Bibi, anahamia wapi?"

Bibi akashtuka kidogo tu. "Hajasema."

Kila mtu akageuka kuangalia upande wa nyumba yake. Fundi baiskeli akasema mwembe wake ni mdogo sana, mtu wa hadhi ile hautamfaa. Mwingine akakumbusha kwamba kwake kuna mpapai peke yake, na mpapai hauna pa kukaa. Mwingine akaondoka bila kuaga, na muda si mrefu tukasikia shoka kwake.

Aliyekasirika ni Mzee Elia. Yeye ni mzee wa kanisa, na ua wake umepakana na wa Bibi Rehema. Alisimama katikati yao akasema mambo haya ni giza, hakuna jini, hakujawahi kuwa na jini, na ili waone kwamba hakuna, yeye ndiye atakayeshika kamba ya mbele. Wanaume waliposikia kuna wa mbele, wakakubali kuwa wa nyuma. Nikawaonyesha namna ya kusimama. Nikawaambia wapitishe kamba kwenye shina la mwarobaini uliokuwa pale uani, izunguke, ili uzito uchukuliwe na mti badala ya mikono. Wakaitikia wote. Baadaye nikagundua walikuwa wanaitikia huku macho yao yako juu.

Nilipokuwa nafunga kiuno nipande, Mzee Elia akanisogelea kama anayekagua fundo langu.

"Mama Tatu," akasema kwa sauti ya chini, "huyu asiyekuwepo."

"Naam, mzee."

"Anaweza kuelekezwa?"

"Kuelekezwa wapi, mzee?"

Akakohoa. "Kwangu kuna mparachichi. Vijana wananimalizia parachichi zikiwa bado changa."

Nikamwangalia. Uso wake ulikuwa uleule wa ibada. Nikamwambia, "Nitafikisha salamu," nikapanda ngazi haraka kabla sijaharibu mambo.

Sasa nieleze ya huko juu, maana kuna watakaodhani ilikuwa mchezo mtupu. Nilijua hakuna jini. Nilikuwa nimeambiwa na aliyemtunga. Lakini nilipofika kwenye panda ya tawi lile, nikakaa, nikaweka msumeno, tawi likaguna. Lilitoa sauti ndefu, ya mtu mzima anayegeuka kitandani. Nilijua ni nyuzi za mti zinazochanika kwenye mpasuko, na nilijua pia ingekuwa vizuri kuwa mahali pengine. Nikafunga kamba mbili kwenye tawi, nikajaribu mafundo, nikawaita wa chini washike. Mama Neema na watoto walikuwa wameshatolewa wakae kwa jirani.

Nikakata kutoka chini. Nikaja juu. Nilipofika katikati, mpasuko ukaniwahi. Tawi likajipinda, likapiga kelele moja, na fenesi bivu lililokuwa pembeni likachomoka likaanguka kwenye bati. Mlio wake ulisikika kama ngoma. Wanaume wa kamba walikuwa wanaungoja mlio huo tangu walipoingia uani. Waliachia wote. Niliwaona kutoka juu wakiruka uzio, mmoja na kiatu kimoja.

Hakubaki mtu ila Mzee Elia. Kamba yake ilikuwa haijazungushwa kwenye mwarobaini, ilikuwa mikononi tu, na tawi lilikuwa linamvuta. Visigino vyake vililima udongo wa mvua. Na wakati huohuo nikaona mlango wa chumba cha uani uko wazi, na ndani kuna mtu. Mama Neema alikuwa amerudi kuepua maharage yake.

Nikamwita. Hakunisikia, au alidhani anaitwa na mwingine. Mimi huko juu sikuwa na la kufanya. Nikiukata uzi uliobaki tawi linashuka lote, na nisipoukata litashuka lenyewe. Sijawahi kujiona mdogo hivyo juu ya mti.

Ndipo nikamwona Mzee Mhina anatoka getini. Goti lile lililomkamata vibaya lilikuwa limemwachia. Alikimbia kuliko wale waliokuwa wanakimbia kwenda upande mwingine, midomo yake ikisoma dua, akaukamata mkia wa kamba nyuma ya Mzee Elia, akauzungusha kwenye mwarobaini mara moja, mara ya pili, akajitupa nyuma nao. Kamba ikalia. Tawi likasimama hewani, majani yakigusa bati. Mama Neema akatoka na sufuria yake, akatazama juu, akatazama wazee wawili waliolala kwenye tope na kamba moja, akasema, "Poleni na kazi," akapita.

Tuliliteremsha polepole mpaka chini, bila bati moja kupinda zaidi ya pale fenesi lilipoangukia. Mzee Mhina alikuwa amechubuka viganja vyote. Nilipomfikia, midomo yake bado ilikuwa inasoma dua. Alikuwa anaogopa kwelikweli, tangu mwanzo, na alikuja. Nikampaka mafuta ya kupikia ya Bibi mikononi.

"Goti vipi, mzee?" nikamwuliza baadaye.

"Limepona," akasema. "Usiliulize tena."

Jeraha la mti tulilisawazisha siku ileile, nje ya ule uvimbe wa shingo ya tawi, kama nilivyowafundisha. Mti ulifunga kidonda chake vizuri. Salamu za Mzee Elia nilizifikisha kwa Bibi Rehema, na Bibi akaenda kuteka maji akiwa na pipa limejaa nyumbani. Kufikia jioni mtaa wote ulijua mpangaji amehamia wapi. Mzee Elia aliendelea kufundisha kanisani kwamba majini hayapo, na parachichi zake kwa mara ya kwanza zilikomaa mtini.

Msimu uliofuata Bibi alinitumia ujumbe nije. Nilidhani ni tawi. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, amekunja uso. Wezi walikuwa wamerudi. Mfenesi sasa ulijulikana hauna mtu, na mafenesi yalikuwa yanaondoka hata kabla hayajanukia.

"Nenda kwa Mzee Elia," akaniambia. "Mwambie naomba anirudishie."

Nikaenda. Nikamkuta chini ya mparachichi wake anapanga parachichi kwenye kapu, kubwa na za kung'aa. Nikampa ujumbe kama nilivyotumwa. Akaendelea kupanga.

"Mama Tatu," akasema, "mwambie Bibi kwamba kitu ambacho hakipo hakiwezi kurudishwa." Akanipa parachichi nne za kwenda nazo, mbili zangu na mbili za Bibi.

Nilipomfikishia Bibi jibu hilo, alichukua kisu. Akaikata parachichi moja, akaila yote, akasema ni nzuri. Kisha akajitanda ushungi, akachukua ndoo, akaenda bombani. Nilimfuata kwa nyuma kwa sababu nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu kwenye foleni. Bibi akamwinamia.

"Usimwambie mtu," akasema. "Mkewe amekuja kumtafuta."

Mfenesi ule bado upo, na sasa uko mikononi mwenu. Kabla ya masika mkaupige shina. Tawi la upande wa barabara limeanza kutoa sauti ya debe, nalo litataka kupunguzwa uzito. Watu wa kushika kamba mtawapata kwa taabu, maana inasemekana yule mama ana hasira kuliko mumewe, na anatupa vitu. Pitieni kwa Bibi kwanza, awaombee ruhusa. Ila mkiwa juu mkasikia mtu anauliza mume amehamia wapi, nyamazeni. Mzee Elia umri umekwenda, na bado ananiletea parachichi.